Miaka 65 na siku nne

Dereva alizima injini chini ya mkwaju, akatuambia tuna dakika kumi na tusiende mbali na gari. Jana yake, alisema, simba walilala hapo hapo tulipokuwa tunakanyaga. Tulishuka hata hivyo. Watoto walitaka kuchimba dawa, mama yao akawaambia wabane mpaka kambini. Mimi nilitaka picha.

Tulikuwa Beho Beho, kaskazini ya mto Rufiji. Kaburi lenyewe ni jiwe bapa lililolazwa chini, lina kibao cha shaba chenye maneno machache ya Kiingereza: Kapteni F.C. Selous, D.S.O., wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, aliuawa vitani 4.1.17. Basi. Hakuna aya ya Biblia wala “mume mpendwa wa” fulani.

Baba mdogo alivua kofia. Ni mwalimu wa hesabu mstaafu, na tarehe moja ikikaa peke yake bila mwenzake humkera kama jiwe kwenye kiatu.

“Mwanangu,” alimwita kijana aliyekuwa anatuongoza, “huyu bwana alizaliwa lini?”

“Elfu moja mia nane hamsini na moja, mzee. Tarehe thelathini na moja Desemba.”

Baba mdogo akatazama juu kwenye matawi ya mkwaju. Ndivyo anavyopiga hesabu tangu nikiwa mdogo: macho juu, midomo inacheza kidogo.

“Sitini na tano na siku nne,” akasema. Kisha: “Sasa jeshini alikuwa anafanya nini?”

Kijana alidhani anaulizwa cheo. Akajibu kwamba alikuwa kapteni.

Baba mdogo hakuuliza tena. Alirudi garini wa kwanza, akakaa kiti cha dirishani, na mpaka tunafika kambini alikuwa hajavaa kofia yake.

Yeye ana miaka 63.

## Jina lililokuwa pori

Kwa sisi tuliosoma hapa, Selous lilikuwa jina la pori kabla halijawa jina la mtu. Tulilitamka “Selu”, tukaliandika kwenye mtihani wa jiografia, tukapata alama zetu. Wazee waliliita Shamba la Bibi, kwa ile hadithi kwamba Kaizari wa Ujerumani alimzawadia mkewe. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ikamegwa na kupewa jina la Mwalimu Nyerere, na sikumbuki kusikia mtu mtaani kwetu akilililia jina la zamani.

Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa bwana nyama. Nilimpa picha kichwani: kaptula, kofia ya jua, daftari la kuhesabia tembo.

Hakuwa bwana nyama. Wala hakuishi hapa. Alikuja kupigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akafa, na mwaka 1922 Waingereza wakalipa pori jina lake.

Safari yetu ilikwisha, tukarudi kazini, lakini lile swali la baba mdogo halikushuka garini. Nilikuwa naosha vyombo nalisikia. Niko kwenye foleni ya mwendokasi nalisikia. Kijana wa miaka 19 akikimbilia vita nitakueleza sababu kumi bila kupumua. Mtu wa miaka 63 mwenye nyumba yake, mke wake, wanawe na jina lake, anayeomba, anakataliwa, halafu anaomba tena?

Nikaanza kusoma.

## Bado mtoto

Frederick Courteney Selous alizaliwa London. Kuna kisa cha shule ya bweni kinachorudiwa na kila aliyeandika juu yake: usiku mmoja mwalimu alimkuta amelala sakafuni na nguo yake ya kulalia tu, kitanda kikiwa kimetandikwa vizuri pembeni. Alipoulizwa, akajibu kwamba siku moja atakuwa mwindaji Afrika, na kwa hiyo anajizoeza kulala chini.

Nilicheka niliposoma. Baadaye sikucheka tena, nitakwambia kwa nini.

Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini, akiwa na pauni 400. Mwaka uliofuata alifika kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo katika nchi yake. Mfalme aliangua kicheko. Akamuuliza kama hakuja kuwinda dondoro, kale kaswala kadogo, maana yeye mwenyewe bado ni mtoto. Ruhusa akapewa, lakini kwa namna mtu mzima anavyomwambia mtoto “haya nenda kacheze”.

Akaenda. Akakaa miaka karibu ishirini akizunguka nchi ambazo leo ni Zimbabwe, Zambia na Botswana. Tembo aliwaua wengi, na pamoja nao aliua na kukusanya wanyama na ndege wa kila aina ambao mpaka leo wamo katika Makumbusho ya Historia ya Asili kule London, ambako pia amesimamishiwa sanamu ya shaba ya kifua. Aliandika vitabu vilivyosomwa sana. Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, akawa rafiki yake, na safari kubwa ya Roosevelt ya mwaka 1909 Afrika Mashariki Selous alisaidia kuipanga.

Halafu ikaja Agosti 1914, na Ofisi ya Vita ya London ikamwambia kinyume cha alichoambiwa na Lobengula: umezeeka.

Hapo nilisimama kidogo. Mtu mmoja, milango miwili ya maisha yake, na kila mlango una bawabu anayemwangalia usoni na kumwambia umri wake haufai. Wa kwanza alikosea. Wa pili, kwa maoni yangu, alikuwa sahihi kabisa, na laiti angeshikilia msimamo wake.

Hakushikilia. Selous alipimwa, daktari akamkuta mzima, na mapema mwaka 1915 akaingizwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kile cha Frontiersmen. Kwa sheria za kwetu angekuwa na miaka mitatu ya pensheni.

Kikosi kile kilikuwa kijiwe cha watu waliokwisha kuzunguka dunia. Wawindaji, watafuta dhahabu, wachunga ng'ombe wa Marekani, waliowahi kutumikia Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Alikuwamo William Northrup McMillan, yule tajiri wa Kimarekani mwenye mwili mkubwa ambaye maktaba ya Nairobi ina jina lake. Kamanda wao, Daniel Patrick Driscoll, naye alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Walipelekwa vitani bila mafunzo ya kawaida, kwa hoja kwamba watu wa aina ile hawana cha kufundishwa. Mei 1915 wakashuka Mombasa, zaidi ya watu 1,000.

Mwezi uliofuata walivushwa Ziwa Victoria kwenda kuipiga Bukoba. Walilipua ngome ya Wajerumani na kuharibu mnara wa simu ya upepo, kisha mji ukaporwa. Kila nikisoma masimulizi ya siku zile mbili naona mnara, ngome na mizinga. Wenye nyumba siwaoni.

## Vita aliyoikataa

Kufikia hapo nilikuwa nimeshamhukumu. Nilikuwa na makala kichwani, nyepesi kama maandazi: mwindaji mzee wa kikoloni aliyeikimbia sebule yake akaja kufa kwenye ardhi ya watu. Ningeiandika jioni moja.

Kisha nikakutana na mwaka 1899.

Mwaka ule Uingereza iliingia vitani na Makaburu wa Transvaal na Orange Free State, kule Afrika Kusini. Waingereza walilewa vita ile. Selous, wakati huo ana miaka 47, ana nguvu zote, anaijua nchi ile kuliko majenerali wengi, alikataa. Hakunyamaza tu nyumbani. Alipinga hadharani, akaandika magazetini, akajiunga na kamati iliyotaka maelewano na Makaburu. Alikuwa amekula na kulala kwao. Aliona vita ile si ya haki, akasema, na watu wake wakamwangalia kwa jicho baya.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa kufuata ngoma kila inapolia.

Na huu hapa ndio mkorogo ulionikosesha usingizi. Driscoll, kamanda wake wa 1915, alijipatia jina katika vita ile ile, akiongoza maskauti wake dhidi ya Makaburu. Na kuanzia Februari 1916 jeshi lote la Waingereza Afrika Mashariki liliongozwa na Jan Smuts, ambaye katika vita ile alikuwa Kaburu mpiganaji aliyewasumbua Waingereza porini. Watatu hawa, mmoja alipigana upande huu, mmoja upande ule, na mmoja alikataa kabisa, wakakutana Kilimanjaro na kuteremka pamoja kuelekea Handeni, wakimfukuza Mjerumani kutoka kwenye nchi ambayo haikuwa ya hata mmoja wao.

Nilitaka kumpenda kwa ajili ya 1899. Kusema kweli nilimpenda kwa siku mbili tatu.

Lakini huwezi kusoma 1899 ukaruka 1890. Mwaka ule Selous ndiye aliyeongoza njia ya msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes, yule bepari wa Kiingereza, ulioingia kuitwaa Mashonaland, nchi ya Washona katika Zimbabwe ya leo. Mwaka 1893 alipigana dhidi ya Lobengula, mfalme yule yule aliyemcheka na kumwachia apite, akajeruhiwa. Mwaka 1896 Wandebele walipoinuka, alipigana nao tena. Macho yaliyoweza kuona kwamba Kaburu anadhulumiwa nchi yake hayakuona hivyo kwa Mndebele. Na si kwamba hakuwajua. Aliwajua kwa miaka karibu ishirini, alikaa kwenye mioto yao, aliomba ruhusa mlangoni kwao.

Sikuweza kuivuka hiyo. Mpaka leo sijaivuka.

## Mara ya pili

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko kujiunga kwenyewe.

Mwaka 1916 aliugua, akarudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji. Akapona. Yuko Worplesdon, katika mkoa wa Surrey, nyumba ina bustani, na pembeni ana jengo lake la makumbusho limejaa vichwa na pembe. Ana miaka 64. Mwaka huo huo akatunukiwa nishani ya D.S.O. Hakuna mtu duniani ambaye angemnyooshea kidole kama angesema: nimetosheka.

Alirudi.

Fikiria alikuwa anarudi kwenye nini. Kikosi kilichoshuka Mombasa na watu zaidi ya elfu kilikuwa kimekwisha. Risasi zilichukua wachache; malaria na kuhara damu vilibeba wengine, na wanaume ambao wangeweza kuwa wanawe walikuwa wamepitishwa mbele yake kwenye machela. Alikuwa amekwisha kuyanywa maji yale ya matope. Alikuwa ameshatembea kwa mguu siku baada ya siku kwenye majani yaliyolowa, na nusu posho, kwa sababu farasi na nyumbu wa mizigo walikufa kwa ndorobo kabla ya gari kuweza kupita.

Mara ya kwanza mtu anaweza kupumbazwa na bendera na bendi ya shaba. Mara ya pili hakuna kinachompumbaza.

Nimeyazungusha majibu mengi. Wajibu? Pengine. Aibu ya kukaa wakati vijana wanakufa? Alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Freddie, aliyekuwa anajiandaa kuwa rubani wa vita, na baba gani anapenda kusoma gazeti kwenye kiti cha uvivu huku mwanawe anarushwa angani kwenye turubai na mbao? Hilo nalielewa mpaka mifupani.

Lakini nikikwambia ninachoamini hasa, ni yule mtoto wa sakafuni.

Ninaamini alikuwa anarudi mahali pekee alipowahi kuwa mtu kamili. Worplesdon alikuwa mzee mashuhuri anayeonyesha wageni pembe. Huku, saa kumi na moja alfajiri, mgongo ukiwa umekauka kwa kulala chini, akisikiliza ndege gani analia, alikuwa tena Selous. Vita vilimpa ruhusa ya kurudia ujana wake, kwa cheo, na kwa sababu ambayo hakuna mtu angethubutu kuicheka.

Na hapo ndipo ninapomkasirikia, kwa sababu sakafu ya kujizoezea ilikuwa sisi. Nchi ya watu, na mashamba yao, na vijiji vilivyoporwa chakula na majeshi yote mawili, ikawa mahali pa mzee wa Surrey kujihisi kijana. Hakukusudia hivyo, najua. Kukusudia si lazima.

Alifikisha miaka 65 siku ya mwisho ya 1916, porini. Kesho yake, Januari mosi 1917, mashambulizi yakaanza kwenye mto Mgeta kumsukuma Mjerumani kuelekea Rufiji. Kikosi cha 25, kilichobaki kidogo tu, kilizungushwa kwenda kuziba njia ya kurudi nyuma karibu na Beho Beho. Asubuhi ya tarehe 4 risasi zilikuwa zinatoka vichakani na haijulikani zinatoka kichaka gani. Selous akanyanyua kichwa na darubini atazame.

Risasi ilimpata kichwani. Alikufa hapo hapo.

Darubini, si bunduki. Nadhani alitazama vile alivyotazama wanyama maisha yake yote, kwa subira, sekunde moja zaidi ya inayohitajika.

Freddie naye aliuawa angani, upande wa Ulaya, tarehe 4 Januari 1918. Mwaka mmoja kamili, siku ile ile. Alikuwa na miaka 19, umri wa baba yake aliposhuka Algoa Bay.

Mama wa nyumba ile, Gladys, aliipokea tarehe ile mara mbili.

## Ambao hakuna aliyewauliza umri

Katika masimulizi ya kifo chake anatajwa mbeba bunduki wake, Ramazani. Inasimuliwa kwamba alipoona bwana wake ameanguka alipandwa na wazimu, akakimbilia kule risasi zilikotoka, na naye hakurudi. Wasimulizi wanalipenda sana tukio hili. Linapamba kifo cha mzungu.

Mimi nilibaki na jina. Ramazani. Nina majirani watatu wenye jina hilo, mmoja anauza mkaa. Wa Beho Beho alikuwa kijana au mtu wa makamo? Ana watoto? Selous alibishana na ofisi nzima ya serikali juu ya tarehe yake ya kuzaliwa. Tarehe ya Ramazani haikumhusu mtu. Pale chini ya mkwaju kuna jiwe moja.

Na yeye angalau ametajwa. Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki walitumia wapagazi takribani milioni moja, na si chini ya 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na baridi. Kila sanduku la risasi lililofika Mgeta lilifika kichwani mwa mtu. Kule Kenya sheria ya 1915 iliruhusu wachukuliwe kwa nguvu. Kujitolea, lile neno zuri tunalolitumia kwa Selous, ni neno la mtu ambaye angeweza pia kukataa na akaendelea kunywa chai yake.

Jumamosi moja nilienda Kariakoo kununua vitenge vya mama, nikasimama katikati ya watu, mikokoteni na mabomba ya plastiki, nikajiambia: hili jina ni lao. Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, likapita mdomoni mwa Waswahili likatoka Kariakoo. Hapa palikuwa kambi yao. Kila siku mamia ya watu hubeba mizigo kichwani juu ya jina la waliokufa kwa kubeba mizigo kichwani. Kijana mmoja aliyejitwika robota la mitumba akanipigia kelele: “Braza, umeganda nini? Pisha njia!”

Nikapisha.

Sanamu ya Askari iko mbali kidogo na hapo, ya mwaka 1927, bunduki imeelekezwa bandarini. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono. Ni sifa, ndiyo, lakini soma tena polepole, utaona kilichoachwa.

## Betri

Nilikuwa nimefika hapo, nikiwa na hasira nzuri iliyonyooka, mama mdogo aliponipigia simu.

“Njoo umwone baba yako. Ameenda kujiandikisha sungusungu.”

Sikuelewa. Akafafanua: ulinzi shirikishi. Wezi wamezidi mtaani kwao, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaita mkutano, akaomba watu wa kujitolea doria ya usiku, vijana wakaangaliana, na baba mdogo akasimama. Mwalimu mstaafu. Goti lake la kushoto nalijua, lilimshinda ngazi tatu za lile gari kule Beho Beho, tukamshika mkono.

Nilienda jioni ile ile. Nilimkuta uani anakaza mpini wa kirungu kwa mpira wa tairi. Nilitoa hotuba. Nilimwambia habari za presha, za goti, za vijana wenye mapanga. Nilimwambia, na hapa ndipo nilipojidhania nina akili, habari za Selous yote: kurudi mara ya pili, nyumba ya Worplesdon, mtoto wa sakafuni. Nilimwambia kwamba kuna wazee wanaoenda vitani kwa sababu hawawezi kukaa na uzee wao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwalimu mzuri, haingilii jibu hata likiwa bovu.

“Mwanangu,” akasema, “miaka thelathini na nne nikipita kwenye korido, madarasa yalikuwa yananyamaza. Sikuwa na fimbo. Nilikuwa napita tu.”

Akaangalia ndani, kupitia pazia. Wajukuu walikuwa wanatazama katuni.

“Siku hizi nikipita sebuleni hakuna anayepunguza hata sauti.”

Nilitafuta la kusema. Nilikuwa na kurasa nzima za maelezo juu ya mzee aliyekufa miaka zaidi ya mia iliyopita, na kwa huyu wa mbele yangu sikuwa na sentensi. Mtaa ni wake, hilo nalo ni kweli. Wezi wanavunja nyumba za jirani zake, na waliokaa kimya mkutanoni ni watu wa umri wangu. Mimi nilikuwa wapi siku ya mkutano? Naishi mtaa wa pili. Nilipata ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, nikaweka dole gumba.

“Yule bwana wa kaburini,” akaendelea, “kibao hakijaandika umri wake.”

“Hakijaandika.”

“Wamefanya vizuri.”

Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani. Mimi ningeuandika, kwa herufi kubwa, na chini yake ningeandika jina la Ramazani. Lakini hatukubishana. Alinipa kirungu nikishike wakati anafunga mpira raundi ya mwisho, na kilikuwa kizito kuliko nilivyotazamia.

“Tochi yangu imekufa betri,” akasema. “Zile kubwa. Mangi wa hapa hana.”

Nikaenda kumtafutia. Nilizunguka maduka manne, nikanunua nne, mbili za akiba.

Zamu zake ni Jumanne na Ijumaa. Usiku huo huwa silali mapema, najidanganya kwamba nina kazi. Karibu saa nane, mbwa wakianza, husikia filimbi kutoka upande wa kwao, mara mbili, fupi fupi. Ndiyo alama yao kwamba kona ile ni shwari. Mama mdogo ananiambia naye huwa macho, amekaa kitandani na taa imewashwa, na ikilia ya pili ndipo anapozima.